Injini ya pili

Swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi si la programu wala la kompyuta. Ni hili: "Ile Mazda bado unayo?" Naulizwa na wenzangu ofisini, naulizwa na mlinzi wa ploti, naulizwa hata na mama, ambaye hajawahi kuipanda kwa sababu anasema gari ambalo milango yake ya nyuma inafunguka kinyume lina neno. Ndiyo, bado ninayo. Tena inatembea. Leo nimeona niandike habari yote, maana nikieleza kwa mdomo watu huanza kutafuta simu zao mara tu nikifika kwenye neno "rota".

Gari lenyewe ni RX-8 ya mwaka 2006, gia sita za mkono. Nilinunua 2021, nikiwa na mwaka mmoja na kitu kazini, kwa bei ambayo ilipaswa kuniamsha. RX-8 zilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, na kwa kuwa Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, mlango ulishafungwa. Zilizopo ndizo zilizopo. Anayeuza moja kwa haraka ana sababu, lakini mimi nilikuwa nimeshaisikia ikipanda mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika, na baada ya hapo sikusikia kingine chochote alichosema yule bwana.

Kwa wale wasiojua: gari hili halina pistoni. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka, kila mara zinasimama na kurudi zilikotoka. Injini ya rotari, wazo la Mjerumani Felix Wankel, ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la namba 8 iliyonenepa kiunoni. Nafasi kati ya rota na ukuta inapanuka na kubana, inapanuka na kubana, na humo ndimo mafuta yanaingia, yanakandamizwa, yanawaka na kutoka. Rota ikizunguka mara moja, shafti ya katikati inazunguka mara tatu. Ya kwangu ina rota mbili, ujazo wa sisi 1,308 tu, na ilipotoka kiwandani Japani ilihesabiwa nguvu za farasi 250. (Serikali ya Japani nayo si mjinga: kwenye ushuru wa barabara, ujazo wa rotari huzidishwa mara moja na nusu.)

Ugonjwa wa injini hii uko kwenye sili. Kila ncha ya rota ina kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta muda wote injini inapozunguka, na pembeni kuna vingine. Mazda walipoichukua teknolojia hii mwaka 1961 walikuta sili zinachora mistari ukutani, wakaiita kucha za shetani. Kenichi Yamamoto na wahandisi wake walisumbuka nayo miaka kadhaa mpaka gari la Cosmo Sport likatoka 1967. Sili hizo zinahitaji kulainishwa, kwa hiyo injini inanyunyiza oili yake yenyewe ndani ya chumba cha moto kwa makusudi. Kwa lugha nyingine, rotari inayokula oili iko sawa. Isiyokula ndiyo ya kuogopwa. Jaribu kumweleza hilo fundi wa mtaani uone atakavyokutazama!

Injini ya kwanza ilinifia Agosti 2022. Haikufa kwa kelele. Asubuhi ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa ikishapata moto: ukizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye pampu ya petroli Waiyaki Way, jioni ya Ijumaa, foleni nyuma yangu imefika barabarani, na vijana watatu wa pampu wakanisukuma hadi pembeni huku mmoja akiniuliza kama sport car zote husukumwa. Nilikaa pale dakika arobaini. Baadaye nikajifunza kwamba hiyo ndiyo dalili kamili ya mgandamizo uliokwisha. Chanzo, nadhani, kilikuwa koili za plagi ambazo mwenye gari kabla yangu hakuwahi kubadilisha. Koili zikichoka, petroli haiungui yote, inaenda kuungulia kwenye kisafisha moshi ndani ya bomba, bomba linaziba, joto linarudi nyuma, na sili zinapikwa. Hitilafu ndogo ya elfu chache inaachwa, inakula mfumo mzima. Nimeona hivyo kwenye seva pia, lakini seva haisukumwi na watu.

Kila mtu alikuwa na ushauri uleule: "Toa hiyo takataka, weka 1JZ." Hiyo ni injini ya Toyota, pistoni sita, kila fundi Nairobi anaijua hata akiwa amelala. Sikatai, ni ushauri wenye akili. Lakini ile Toyota ni ndefu na nzito, na RX-8 ilichorwa kuzunguka injini ndogo iliyorudishwa nyuma ya magurudumu ya mbele, uzito ukagawanyika nusu kwa nusu. Ukiibadilisha unabaki na gari lingine lililovaa nguo za hili. Fundi wangu wa Kirinyaga Road, mzee ambaye bado anapaita Grogan, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kijana, pesa ni zako. Mimi nitafunga hata mota ya posho mill ukileta."

Injini nilipata Mombasa, kwa mzee mmoja wa Changamwe anayeuza injini zilizotumika kutoka Japani. Shilingi 160,000. Elfu sitini zilikuwa akiba yangu, laki moja mkopo wa sacco, na nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu kumsaidia karo muhula huohuo, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Nilipanda basi la usiku nikaenda kuiona kwa macho. Mzee alikuwa ameiweka kwenye fremu ya chuma, gia boksi limefungwa, stata na betri tayari. Akatoa kipimo maalum cha rotari. Kinatakiwa maalum kwa sababu geji ya kawaida ya pistoni inashika namba moja tu ya juu, wakati kila rota ina nyuso tatu na unataka kujua zote. Uso mmoja ukiwa mbovu unajificha nyuma ya wenzake wazima. Akanishikisha kipimo mkononi. Rota ya mbele: 7.6, 7.7, 7.6. Ya nyuma: 7.4, 7.3, 7.4. Hizo ni kilo kwa sentimita mraba. Kitabu cha Mazda kinasema injini mpya ni 8.5, na ikishuka chini ya 6.9 imekwisha. Kwa injini iliyotumika, nilikuwa nimeokota dhahabu. Nikalipa, ikapakiwa kwenye lori.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Wakati nikiisubiri injini niliamua kujitengenezea kipimo changu. Nilinunua sensa ya shinikizo, mpira wa kufunga mahali pa plagi, na kibao cha Arduino nilichokuwa nacho tangu chuo. Programu yenyewe ilikuwa fupi: soma sensa, tafuta vilele vitatu vinavyofuatana, pima muda kati yake. Muda ni muhimu kwa sababu stata ikizungusha taratibu namba zinashuka zenyewe, na kiwango cha Mazda ni cha mizunguko 250 kwa dakika. Kwenye rotari uso mmoja unapita kwa kila mzunguko mmoja wa shafti, kwa hiyo vilele vikiachana kwa sekunde 0.24 uko pale pale panapotakiwa. Nilifurahi sana na kile kifaa. Nilikilinganisha na geji ya matairi, kikakubaliana nayo. Nikajiona mhandisi.

Fundi alifunga injini Machi 2023. Iliwaka mara ya pili tu. Baada ya wiki moja ya kuendesha pole pole nikaipasha moto, nikachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, nikafunga sensa, nikakanyaga mafuta hadi chini na kupiga stata. Kwenye kioo cha kompyuta zikatokea: 6.2, 6.3, 6.2. Rota ya nyuma: 6.1, 6.0, 6.1.

Nilirudia mara nne. Nikachaji betri nikarudia tena. Zilezile. Injini yote chini ya 6.9, yaani kwa kitabu cha Mazda nilikuwa nimenunua maiti, tena kwa mkopo.

Sikulala. Usiku ule nilishajenga kesi nzima kichwani: kile kipimo cha Changamwe kilikuwa kimechezewa, kimeongezwa kilo moja na kitu, na mimi mjinga wa bara nikakishika mkononi nikichekelea. Kipimo changu nilikijua, nilikiandika mwenyewe mstari kwa mstari. Asubuhi nikampigia mzee. Sitaandika yote niliyomwambia. Neno "mwizi" sikulitamka, ila nilitamka majirani zake wote. Alininyamazia mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, injini ile ulipima wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mimi namba hizo za huko kwenu sizijui. Lakini kama moyo wako haukuridhika, irudishe, pesa yako utaipata yote." Hasira yangu ikapata mafuta zaidi. Nikasema kumbe anajua, ndiyo maana hapingi.

Jumamosi gari lilikuwa tena Kirinyaga Road. Fundi alikuwa ameshamwaga maji ya rejeta na kulegeza boliti za juu za gia boksi. Nilikuwa nimekaa kwenye tairi nikilalamika, na yeye akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, akasema kama mtu anayejiongelesha: "Lakini magari ya Mombasa yakifika huku huwa yanachoka. Enzi za kabureta tulikuwa tunayabadilishia jeti. Huku hewa ni nyepesi."

Nikanyamaza. Simu yangu ina sensa ya shinikizo la hewa ambayo sijawahi kuitumia kwa kazi yoyote ya maana. Nikaifungua. Ilisoma hektopaskali 831. Usawa wa bahari ni takriban 1,013.

Ndugu msomaji, hili ni jambo la Kidato cha Kwanza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Ndiyo maana maharagwe ya shangazi yangu kule Limuru yanachemka tangu asubuhi wakati ya Mombasa yameshaliwa. Injini haitengenezi shinikizo kutoka hewani, inakandamiza hewa iliyoipata. Ukiipa hewa ambayo ni asilimia 82 ya ile ya pwani, itakurudishia asilimia 82. Chukua 7.6 ya Changamwe, zidisha kwa 0.82. Unapata 6.23. Mimi nilipata 6.2. Chukua 7.4, unapata 6.07. Mimi nilipata 6.1. (Najua, moja ilipimwa ikiwa baridi na nyingine moto, kwa hiyo kukaribiana kiasi hicho kuna bahati ndani yake. Lakini hesabu ndiyo hiyo.) Na ile 6.9 ya kitabu, kwa hapa Nairobi, ni kama 5.7. Injini ilikuwa nzima. Kipimo changu kilikuwa kizima. Kipimo cha mzee kilikuwa kizima. Kibovu kilikuwa kile nilichokuwa nakilinganisha nacho, namba ya usawa wa bahari niliyoiandika ndani ya programu kama vile Nairobi ina ufuo.

"Fundi," nikasema, "funga." Miguu haikusogea. "Funga nini?" "Funga kila kitu ulichofungua." Akatoka chini ya gari, akanitazama kwa muda, akaenda kunywa chai kwanza. Siku ile nililipa kazi ya kufungua na kazi ya kufunga.

Kumpigia mzee kulinichukua siku mbili. Kushtaki kulinichukua usiku mmoja tu, ona. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya hewa, nikamwambia nimemkosea na ninaomba radhi. Akacheka kidogo. "Basi yamepita," akasema. "Nilidhani una shida ya pesa, ukaona haya kusema." Mpaka leo sijui jibu la sentensi hiyo.

Basi, maisha na injini ya pili yakoje? Yana utaratibu. Koili na plagi nilibadilisha zote siku ileile injini ilipofungwa, sina hamu ya kurudia historia. Kijiti cha oili nakichomoa kila nikijaza petroli mara ya pili, na lita moja inakaa buti daima. Ndani ya tanki naongeza oili kidogo ya tuu-stroku, ileile ya msumeno wa kukatia miti, ili sili zipate ulainisho wa ziada. Mara ya kwanza kijana wa pampu aliponiona naimimina alinishika mkono: "Boss, boss, hapo ni pa petroli!" Sasa amezoea, anaita wenzake waje kuona.

Geji ya joto siiamini. Kwenye RX-8 mshale unasimama katikati na kukaa hapohapo hata joto likipanda sana, na ukija kusogea umeshachelewa. Mtu fulani aliamua kwamba dereva asisumbuliwe na ukweli. Nimechomeka kifaa cha bluetooth kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, na programu yangu ndogo kwenye simu inasoma joto halisi na kupiga kelele likifika nyuzi 105.

Lakini kanuni kubwa ni moja: usiwashe ikiwa baridi ukaisogeza hatua tatu ukazima. Petroli inalowesha plagi, inasafisha oili kwenye sili, na hapo haiwaki tena mpaka ukanyage mafuta hadi chini, ambapo kompyuta ya gari inakata petroli, uzungushe stata huku ukiomba. Sasa fikiria ploti yetu, ambapo magari tisa yanaegeshwa mahali pa magari sita. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasoro mlinzi anagonga: "Msee wa Mazda, toa gari, daktari anatoka." Kwa wengine hiyo ni kazi ya nusu dakika. Mimi natoka na kikombe cha chai, nawasha, nasogea, halafu nakaa ndani dakika kumi nikingoja ipate moto kabla ya kuzima. Nimesoma vitabu viwili hivyo. Majirani wanafikiri nina matatizo nyumbani.

Petroli? Mjini lita moja inanipa kilomita sita. Tuendelee.

Halafu kuna dakika moja kwa siku, injini ikishapata moto na barabara ikiwa wazi kwenye Southern Bypass, gia ya pili, unaipandisha mpaka ule mlio wa kukuonya unasikika. Ni dawa, inasaidia kuondoa masizi. Mafundi wenyewe wanapendekeza. Kwa hiyo hiyo naihesabu kama matengenezo.

Desemba 2024 niliipeleka Mombasa. Karibu kilomita 480, na kuanzia Mtito Andei kwenda chini nilikuwa naihisi inaamka, kama mtu anayevua koti. Zile nguvu 250 za kiwandani hapa Nairobi ni kama 205, sikuwahi kukutana nazo zote. Baada ya Voi nilikutana nazo. Siku ya pili nikaenda Changamwe. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kilekile, nikamwamkia, akaitikia, hakunitambua mpaka alipoiona gari. Nikatoa kibao changu. Programu nilishaitengeneza: sasa inasoma hewa ya mahali ilipo na kuandika safu mbili, namba ilivyo na namba iliyosahihishwa. Injini ilikuwa bado moto. Nikapiga stata.

7.5, 7.6, 7.5. Safu zote mbili sawasawa, herufi kwa herufi, kwa mara ya kwanza tangu niiandike.

Mzee akavaa miwani akaisoma kompyuta taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akaingia ndani, akarudi na kipimo chake cha zamani, akaniwekea mapajani. "Haya," akasema, "na hiki pia pima. Usije ukanipigia ukifika kwenu."